Marehemu Sabin Hulea na Sarafu ya Mama Saveta

Baba padri, majirani, jamaa na marafiki, mmekuja uani kwa marehemu kumsindikiza, na kabla ya safari ya makaburini sisi wanawe tunawasomea maisha yake bila kupunguza kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia sifa za uongo.

Marehemu Sabin Hulea alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1946 katika kijiji cha Romos, mtoto wa kwanza wa mzee Nicolae na mama Saveta, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Cornel, ambaye marehemu alikuwa akimbeba mgongoni kwenda shule siku za theluji. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akahitimu shule ya ufundi Hunedoara mwaka 1964, na baada ya jeshi akaajiriwa katika kiwanda cha vifungo na beji hapa Orăștie, akichonga na kung'arisha chapa za chuma, zile zinazogonga bati likatoka na sura, hadi alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 8 Februari 1970 alifunga ndoa na Silvia Bârsan, mama yetu, wakajaliwa watoto wawili, Ruxandra na Horia.

Alipostaafu, kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye meza ya wakusanyaji wa sarafu katika ukumbi wa utamaduni, watu wakimletea sarafu walizodhani zina kosa la kiwandani, maana kosa la kweli huzipandisha bei, naye akiwasha taa ubavuni na kuzigeuza taratibu chini ya lenzi. Hakuwa na huruma. Aliwaeleza kwamba chapa iliyochongwa mara mbili huacha herufi mbili kamili, zenye pembe zilizopasuka, na kila sarafu inayotoka humo hubeba alama ileile mahali palepale, lakini chapa iliyotumika mno huvimbisha herufi tu, kingo zikalegea kama unga uliozidi maji, na aliyeleta ya namna hiyo alijibiwa, "Chapa imechoka, bwana, nenda kanunulie mkate." Walinuna, na Jumapili iliyofuata walirudi.

Mama Saveta alifariki tarehe 3 Machi 2009, na kama ilivyo desturi yetu alipaswa kuzikwa na sarafu mkononi, imegandamizwa kwenye nta ya mshumaa, ya kulipia vizuizi ambavyo roho hupitia huko angani. Cornel akatoa sarafu ya zamani ya bani ishirini na tano, senti za kwetu, aliyoitunza tangu ujana, lakini akasita, akaonyesha mahali kwa kidole, akasema, "Kaka, hebu niangalizie, naona herufi kama ziko mbili." Marehemu, aliyekuwa akipokea wageni huku analia, aliipindua mara moja kwenye mwanga wa mshumaa, akajibu, "Chapa imechoka, mpe mama." Mama Saveta akazikwa nayo.

Mwaka 2012 mgeni kutoka Deva aliweka mezani sarafu ya aina na mwaka uleule kama ile ya Cornel, safi, na chini ya taa marehemu akaona herufi mbili kamili, pembe imepasuka, mahali palepale Cornel alipoonyesha. Akaelewa. Chapa ile ilikuwa na kosa tangu ilipochongwa, ila sarafu ya Mama Saveta iligongwa chapa ikiwa imeshazeeka, kosa likafunikwa na uchakavu, naye alipouona uchakavu akaacha kutafuta. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna mwingine aliyejua, lakini siku hiyohiyo alikwenda kwa mdogo wake akamwambia yote.

Cornel hakutaka kaburi lifukuliwe wala hakudai chochote. Alisema tu, "Mtu wa Deva unamwashia taa, mimi nduguyo hata miwani hukuvaa," akafunga mlango. Tangu hapo hawakuzungumza tena, ingawa nyumba zao zinaonana, na kila Pasaka baba alisimama getini kwa Cornel na mayai mekundu ya sikukuu, akarudi nayo. Pale mezani pia hakukaa tena. Tulipomuuliza sababu alisema, "Jicho lililomdharau ndugu yangu, niwape watu la nini?" Inatuuma kuyasema haya.

Mwaka 2018 mapafu yalianza kumsumbua kwa vumbi la chuma la miaka mingi, akalazwa Deva, na kila mlango ulipofunguka aliuliza, "Cornel kaja?" Siku moja mama yetu alimwona Cornel kupitia dirishani, amekaa kwenye benchi la uwanja wa hospitali, kofia mkononi, kisha akainuka akaondoka. Hatukumwambia baba. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2019, akiwa ameshikwa mkono na mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchimba kaburi, pamoja na wenzake wa kiwandani na wa meza ya Jumapili.

Baba mdogo Cornel, tumekuona umesimama kule nyuma, karibu na geti. Hatukulaumu, maana ulichosema kilikuwa kweli, na yeye alikubali hivyo mpaka mwisho. Lakini jeneza halijafungwa bado, na padri akimaliza sala litapigiliwa misumari. Njoo umtazame kaka yako, usiharakishe, tutasubiri.

Baba, pumzika kwa amani.