Kabichi Zima la Fundi

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa banda la kushonea nguo. Jua likipunguza ukali, muuza kahawa hutua birika lake hapo na wenye kijiwe hujisogeza: Daktari, aliyewahi kufagia zahanati na hajaacha kutibu watu tangu wakati huo, Kocha, ambaye timu yake hakuna aliyepata kuiona, na Fundi, mwenye banda. Siku hiyo Fundi alikuja na kabichi zima, zito, akaliweka katikati yao kama mtu wa nne. Alikuwa na shida moja tu, na aliona aibu kuitaja. Tangu mkewe afariki, bado ananunua kabichi zima kama zamani, na kila mara nusu yake inaozea jikoni. Kumwambia mama wa genge "nikatie nusu" ni kuutangazia mtaa kwamba anakula peke yake. Ulimi ulikuwa haumtii. Basi akauliza kwa kuzunguka.

— Hivi kabichi ukishalikata, linakaaje lisiharibike?

— Likae lina kesi? Daktari akadakia. Kabichi ni la kuliwa, bwana! Lina vitamini, lina nyuzinyuzi, linaendesha tumbo vizuri. Ila msilichemshe mpaka likawa uji. Nguvu yote inabaki kwenye maji.

— Basi kunywa hayo maji, alisema Kocha.

— Si ndiyo nakunywa! Huioni hii ngozi?

— Naiona. Ningekuwa wewe ningeacha.

Muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga kidogo.

— Kwangu halichemshwi, Kocha akaendelea. Linakatwa laini kama uzi, karoti kidogo, linapitishwa tu kwenye mafuta ya moto. Ukitafuna usikie linalia, hapo ndiyo penyewe.

Fundi alimeza mate. Mkewe alilikata hivyo hivyo, kisu kikienda chenyewe huku anamsimulia umbea wa mtaa mzima. Akikata yeye, vinatoka vipande vya kuezekea nyumba. Na jikoni hakuna anayesimulia kitu.

— Na ndugu za kabichi je? Daktari alikuwa amepamba moto. Brokoli, koliflawa, figili, wote ukoo mmoja, na ukoo mzima ni dawa! Funga jani la kabichi kwenye goti bovu, asubuhi unaruka kamba.

— Goti cha mtoto. Mimi vijana wangu niliwafunga kichwani, chini ya kofia. Mechi nzima hakuna aliyechoka.

— Mkashinda?

— Tulipigwa nne. Lakini hatukuchoka!

— Umeona? Linaingia kwenye ubongo hilo. Kuna mlinzi namfahamu, alikula kabichi tupu mwezi mzima, akawa anamsikia mwizi kabla hajatoka kwao.

— Akamkamata?

— Amkamate vipi na tumbo linavyonguruma? Mwizi naye alikuwa anamsikia yeye!

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Hata Fundi alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta haraka.

— Sasa ile nusu inayobaki? aliuliza tena, taratibu.

— Kwangu haibaki, Daktari alijibu haraka. Watu wengi.

— Hata kwangu, alisema Kocha, macho kwenye kikombe.

Dada wa duka jipya la dawa alikuwa amesimama hapo akingoja kahawa. Mgeni wa mtaa, hakujua la kuuliza na la kuacha.

— Shikamoo baba. Kabichi lote hilo, nyumbani mnalila wangapi?

Fundi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja, fupi, na halikutoka. Daktari akapatwa na kikohozi. Muuza kahawa akalitikisa birika, lilikuwa jepesi.

— Imekwisha, dada. Samahani.

Akakusanya vikombe vyake, akaondoka. Fundi alikumbatia kabichi, akavuka barabara hadi gengeni.

— Mama, nikatie hili. Nachukua nusu.

Neno limesemwa. Mama wa genge hakushtuka wala hakumpa pole. Alilipasua kwa kisu kikubwa, akafunga nusu kwenye gazeti.

— Na hii nyingine?

— Baki nayo. Isije ikakuozea tu.

— Haiozi hii, baba. Wenzako wa pale benchini wote huchukua nusu. Siku nyingi sasa.

Fundi aligeuka. Birika halikuwepo, kahawa haikuwepo, na kiza kilikuwa kinaingia. Daktari na Kocha walikuwa bado wamekaa vile vile, mikono mitupu, pengo la kabichi katikati yao. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kwa wale watu wengi.

Fundi aliibeba nusu yake kwapani, akavuka barabara tena, akakaa kwenye lile pengo.