Maneno ya Kumuaga Donatille wa Simu ya Upepo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wetu, uliyekuja na treni kwa kuwa ndege yako mwenyewe imelala, Baba Paroko, wazee wa Katumba mlioongozana na binti yenu, ndugu zangu wafanyakazi, na nyie kina mama wa soko la Kashaulili mliofunga meza kuja kula pilau yetu: nawasalimu wote, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi ni Melkiadi, mtunza njia ya ndege, yule mnayemwita Bwana Moshi. Nimetumwa na wenzangu nimuage Donatille, aliyekuwa mtu wetu wa simu ya upepo, na nimeambiwa niguse kidogo matatizo ya kazi na mitambo kwenye kampuni ndogo ya ndege kama hii yetu.

Haya, matatizo yapo. Mafuta yanakuja kwa mapipa kwenye treni, na maji yakikata reli tunakaa tunatazamana. Kipuri kikivunjika kinaagizwa Ulaya, kikifika unakuta siyo chenyewe. Betri za simu ya upepo zinategemea jua, na masika jua liko wapi? Hayo yote ni kweli. Lakini nawauliza, ndege yetu imelala tangu masika kwa sababu ya mafuta? Kwa sababu ya betri? Au kwa sababu ya Donatille, kama mlivyoambiwa? Hapana. Imelala kwa sababu yangu.

Ndugu Severini, mwenzangu wa kazi, usinivute shati. Niache niseme.

Zamani kazi ilikuwa hivi. Asubuhi natembea njia yote ya ndege na fimbo. Mnamjua mhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa. Shimo lake mguu wa ng'ombe unaingia wote. Nikikuta shimo nafukia, nashindilia, halafu nachoma majani mabichi. Kapteni Makarius akiona moshi anajua mambo mawili: upepo unatoka wapi, na njia ni salama. Akishuka, mkono wa kwanza ni wangu. Mkate anaotuletea kutoka Tabora ni wangu. Watu wa mtaa wetu wa Misunkumilo walikuwa wanasema bila Melkiadi ndege haishuki, na mimi nikaamini.

Ukaja mtambo wa simu ya upepo. Akaja naye Donatille, binti wa mzee Salvator, kasomea kazi yake, anakaa kwenye kile chumba, anabonyeza, anaongea, na Kapteni anamjibu akiwa bado mawinguni. Nani atatazama moshi tena? Kapteni akawa akishuka anapita mbele yangu, anakwenda dirishani: "Asante, Donatille." Mkate nao ukahamia dirishani. Josephina muuza mihogo akanipigia kelele sokoni: "Bwana Moshi, siku hizi si uje unichomee mihogo tu?"

Unacheka, Josephina? Cheka. Siku ile chakula hakikushuka.

Na kibaya zaidi, huyu binti hakuwa na kosa. Kila asubuhi, "Shikamoo, baba." Naitika marahaba kwa mdomo, moyoni naungua. Angenidharau ningepona. Utamchukiaje mtu anayekuwekea chai? Mimi niliweza. Mke wangu Capitoline aliniambia, "We mwanaume, unashindana na waya?" Nikamwambia anyamaze, hajui. Alijua.

Basi asubuhi ile nikakuta shimo la mhanga, bichi, katikati ya njia. Nikasimama kando yake. Jembe lilikuwa mkononi, ndugu zangu. Nikajisemea, leo mwenye mtambo aone. Nilitaka ndege itikisike tu, Kapteni ashuke na hasira, aende dirishani amfokee. Hayo tu. Nikaliacha nikaondoka.

Donatille akachungulia: "Baba Melkiadi, njia vipi leo?" Nikamjibu, "Safi, mama." Akaingia ndani akamwambia Kapteni, njia safi.

Mlichokiona mlikiona. Gurudumu la mbele lilivunjika, propela ikapinda, Kapteni akavunjika bega, na mpaka leo wagonjwa wa Karema wanaletwa kwa lori. Mlipoita kikao mkaniuliza, nilisema, "Hakuniuliza." Naye akasema aliniuliza. Mkaniamini mimi. Kwa nini? Kwa kuwa mimi mwenyeji, na yeye mnamwita mkimbizi, kwa kuwa wazee wake walikuja kambini Katumba wakikimbia vita, wakati yeye amezaliwa hapo hapo na kitovu chake kiko hapo. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo, nikalitumia.

Bwana Mkurugenzi, aliniuliza. Aliniuliza vizuri, kwa heshima, na mimi nikamdanganya.

Mzee Salvator, kaa, baba, nakuomba. Una haki ya kunipiga, ila ngoja nishuke kwanza.

Sisemi haya kwa kuwa nimekuwa mtu mzuri. Hata sasa ninapomwona pale mbele, na nguo ya kitenge, watu wote wanamtazama yeye, bado kuna kitu kinaniuma hapa. Wivu haujaisha. Ila nimechoka kuulisha.

Donatille, mwanangu, sikuombi unijibu mbele za watu. Naona umeinamisha kichwa. Kaa hivyo hivyo, huna deni la kunionea huruma.

Bwana Mkurugenzi, mlimtoa kazini mbele ya watu, na kesho anarudishwa Katumba na jina baya. Fundi kasema propela imefika na ndege itaruka wiki ijayo. Ukisimama kutoa neno lako, naomba useme mbele ya watu hawa hawa nani atakayemwita Kapteni ndege ikija, na nani asiyefaa tena kukanyaga njia ile. Funguo za stoo nimeshamkabidhi Severini. Alijua nitasema nini, ndiyo maana alikuwa ananivuta shati.

Wenzangu, zawadi ya kuaga msiitoe bado. Huenda hakuna anayeagwa, au anayeagwa ni mwingine.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na nyie mliotaka kunishusha, asanteni kwa kuniacha nikamaliza.