Tonton Osée, Mshika Kijiko wa Mangobo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Na wewe unayemlisha mgonjwa saa hii, usisimame kwa ajili yetu. Endelea polepole, redio itakungoja.

Leo tunamkumbuka mtu wa mto, mwenye sauti kubwa na kijiko kidogo. Jina lake ni Osée Lifenya. Mangobo nzima, hapa Kisangani, ilimwita Tonton Osée. Alitutoka Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Kwa waliofungua redio sasa hivi tunarudia: ni Tonton Osée Lifenya, yule wa kijiko.

Alizaliwa Yanonge, kando ya mto. Miaka thelathini aliongoza boti ya abiria kati ya Isangi na Kisangani. Boti yake haikuwa na honi. Honi ilikuwa yeye mwenyewe. Watu wa Yangambi walisikia sauti yake kabla ya kusikia injini, wakaanza kufunga mizigo.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, hatumkumbuki kwa ajili ya boti. Tunamkumbuka kwa sababu alikuja mjini kumchukua kaka yake mgonjwa, akashindwa kuondoka.

Kaka yake ni Papa Gédéon. Anaishi Mangobo kwa binti yake Tania, mshonaji wa nguo. Miaka minne iliyopita Papa Gédéon alipigwa na kiharusi. Ugonjwa ulimwachia miguu dhaifu na koo lisilotii. Akinywa maji, anapaliwa. Akila fufu, anapaliwa. Anakohoa hadi macho yanamtoka.

Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Nadia, alimfundisha Tania namna ya kumlisha. Mkalishe wima. Kidevu chini. Vitu vizito vilaini, si maji matupu. Nusu kijiko, ameze, asubiri, ameze tena. Na jambo la mwisho: asizungumze akiwa na chakula mdomoni.

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa mlima. Papa Gédéon hajawahi kumeza kitu bila kukitolea maelezo. Ukimpa uji, atakuambia uji wa mama yake ulikuwaje, tangu shamba ambako mahindi yalivunwa. Mlo mmoja ulichukua saa mbili, na milo ilikuwa mitatu kwa siku. Hesabu mwenyewe. Tania alifunika cherehani yake kwa kitambaa, na vumbi likakaa juu ya kitambaa.

Na wageni, je? Walikuja kila siku kumwona mgonjwa. Walisalimu, wakaketi, wakangojea chai. Kila mgeni aliacha shauri moja na sahani moja chafu.

"Mwaka mzima waliniuliza, papa ameamukaje?" Tania alituambia. "Hakuna mutu aliuliza kama mimi nililala."

Kisha maneno yakasafiri kwa mto hadi Yanonge. Walisema Tania anamnyima baba yake fufu. Anamlisha uji kama mtoto. Ukoo ukakaa kikao, ukaamua: Papa Gédéon arudi Yanonge, akale kama mwanamume, fufu na samaki mwenye kichwa. Wakamtuma Tonton Osée.

Tuelewane vizuri hapa. Mama Nadia alikuwa amemwambia Tania waziwazi kwamba mzee huyu akipewa fufu na samaki wa miiba, hatamaliza mwezi. Ndiyo sababu Tania alipoona toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ikisimama mbele ya lopango, ua wa nyumba yake, aliweka bakuli la uji chini akasimama mlangoni.

Kwenye toleka alikaa Tonton Osée. Mkono mmoja ulishika kuku, kichwa chini. Mkono wa pili ulishika begi. Begani alikuwa na kamba ya kufungia godoro la mgonjwa.

"Iko wapi yaya yangu?" alinguruma, akimtaka kaka yake. Kuku naye akapiga kelele.

"Karibu, Tonton. Papa iko anakula."

"Anakula nini?"

"Uji na ndizi ya kuponda."

"Bon. Ndio ile kesi nilikuja kuona."

Papa Gédéon alipomwona mdogo wake, furaha ilimjaa. Na mdomo nao ulikuwa umejaa. Akataka kusema vyote kwa mara moja. Akapaliwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnajua tunavyosema hapa kwetu. Mtu akipaliwa, kuna mahali jina lake linatajwa. Wengi tunasema hivyo kwa kucheka. Tonton Osée hakuwa anacheka. Alitoka mbio hadi barabarani, akafungua ile honi yake:

"Mutu mwenye iko anataja jina ya Gédéon Lifenya, anyamaze! Tena sasa hivi!"

Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la kwanga, mikate ya muhogo, kichwani akasimama. "Mimi niko nataja kwanga tu, papa."

Tonton alirudi ndani akatangaza sheria. Kabla ya kumsafirisha mgonjwa, kwanza ugonjwa ukatwe mizizi. Siku tatu, hakuna kutaja jina la Gédéon ndani ya lopango lote. Ataitwa Mwenyewe.

Ikawa hivyo. "Mwenyewe ameamka?" "Mwenyewe anataka kukojoa." Katekista alikuja kumwombea akaambiwa sheria mlangoni. Maskini alisimama mbele ya kitanda, akafikiri, akasema: "Ee Bwana, umponye huyu ambaye wote tunamujua." Jirani yao Mama Karima alitazama hayo yote kwa juu ya ua, na kitenge mdomoni ili kicheko kisitoke.

Siku ya tatu, mchana, Tonton Osée mwenyewe alimpa kaka yake maji. Alimpa kwa heshima, kama mnavyoweza kumpa mfalme: amelala chali juu ya mito miwili, kichwa nyuma, kikombe kimejaa.

Papa Gédéon alipaliwa vibaya kuliko siku zote. Uso ulibadilika rangi. Tania alitupa sufuria, akaruka, akamwinua, akamwinamisha mbele. Akakohoa, akakohoa, pumzi ikarudi.

Tonton alibaki na kikombe mkononi. Jina halikutajwa na mtu yeyote. Akatoa simu, akapigia Yanonge. "Kuna mutu huko iko anataja yaya?"

Ukoo ukajibu kwa pamoja: "Tuko tunamutaja kila siku! Utamuleta lini?"

"Munaona!" akasema Tonton. "Munaona!"

Hapo ndipo Tania, ambaye kwa mwaka mzima hakumpandishia mtu sauti, aliweka mikono kiunoni.

"Tonton, lala."

"Nilale wapi?"

"Hapa, kwa mukeka. Chali. Kichwa nyuma. Fungua mudomo."

"Mutoto huyu…"

"Tonton, fungua!"

Mtu aliyeongoza boti miaka thelathini alilala chini, mbele ya watoto wa jirani na kuku wake. Tania akammiminia maji kwa kikombe kilekile. Sekunde moja. Mbili. Tonton Osée alilipuka. Alikohoa, akapiga mkeka, akalia machozi. Kuku alikata kamba, na hadi leo haijulikani alilala kwa nani.

Juu ya ua ikatokea sauti ya Mama Karima, tamu kama asali:

"Tonton, nani iko anakutaja?"

Lopango zima lilianguka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Papa Gédéon. Bahati nzuri, alikuwa amekaa wima na mdomo wake mtupu.

Tonton aliketi muda mrefu akifuta macho. Alipopata sauti, haikuwa ile ya botini.

"Donc ni njia," alisema. "Si jina. Ni njia ya maji."

Akaanza kujieleza mwenyewe, kidole kikichora mchangani. Mahali mto unapogawanywa na kisiwa, ukipita mkono mbaya, boti inakaa kwenye mchanga. Basi unafanyaje? Unapunguza injini. Unasubiri. Huzungumzi na abiria. "Na mimi," alisema, "nilimupitisha yaya kwa mukono mubaya, injini yote wazi." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kijiko."

Tania alimfundisha kama Mama Nadia alivyomfundisha yeye. Jioni ile Tonton alilisha kwa saa mbili na nusu. Kila mara Papa Gédéon alipofungua mdomo ili aseme, Tonton alimwinamia: "Yaya, meza kwanza. Kisha sema."

Kesho yake mchana Tonton alishika kijiko tena, na Tania akalala. Alilala kwenye mkeka kwa muda wa saa sita, bila kugeuka. Mama Karima alipita, akamwona hivyo, akaenda kufunga kitenge cha kulilia. Alirudi na wanawake wawili. Tonton akaweka kidole mdomoni mwake: "Nyamazeni! Hajakufa. Amelala. Hamujawahi kuona mutu amelala?"

Ukoo ulipiga simu: anakuja lini? Tonton akajibu: "Jumatatu." Jumatatu ikafika, akasema Jumatatu ijayo. Begi lake lilikaa mlangoni miaka mitatu. Kamba ya godoro ikageuka kamba ya kuanikia nguo.

Lakini ukoo haukuachwa upumzike. Alipaza sauti ndani ya simu hadi nadhani walimsikia bila simu: "Mashauri yenu imetosha! Mutume watu. Kila mutu wiki mbili, na mukono yake, na makala yake ya kupikia!" Wakaja. Walikuja kwa zamu, kwa boti, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza waliogopa kile kijiko kuliko mamba. Tania akaondoa kitambaa juu ya cherehani. Kitu cha kwanza alichoshona ni kitambaa cha kifuani cha baba yake, cha kitenge, chenye mfuko wa kushika uji unaokimbia.

Kisha Tonton akaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Hapa Mangobo ukimtembelea mgonjwa, mwenye kumtunza ndiye anakupikia. Tonton alipindua desturi hiyo. Alikuwa anagonga na kusema: "Sikuja kuona mugonjwa. Mwenye kumutunza iko wapi? Umelala? Umekula? Alors, lete kijiko, enda sokoni."

Si kwamba alijua yote. Mama mkwe wa Mama Karima, Bibi Zaituni, masikio yake yamechoka. Tonton alidhani sauti yake imepata kazi. Alimwinamia bibi sikioni, akamsalimu. Mitaa mitatu iliitikia salamu. Bibi akamsukuma kwa kifimbo.

"Usinipigie kelele sawa mutu ya bandari. Kaa mbele yangu, kwa mwangaza, nione mudomo yako. Sema polepole."

Akakaa mbele, kwa mwangaza, akasema polepole. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alimpigia Bibi Zaituni hadithi za mto, na Mama Karima alipata kwenda kuswali na kurudi bila kukimbia. Nyumba sita, wasikilizaji wapendwa. Nyumba sita zilikuwa na siku yao ya Tonton Osée.

Alhamisi iliyopita alimlisha kaka yake mlo wa mchana, akaosha kijiko, akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Moyo wake ulisimama pale pale. Tania alidhani amesinzia. Alimfunika kitenge, akapunguza mwendo wa cherehani ili asimwamshe.

Walipofungua lile begi la safari ya Yanonge, ndani hapakuwa na shati. Palikuwa na vijiko vinne vidogo, taulo na kipande cha sabuni.

Kwa Papa Gédéon, kwa Tania, kwa ukoo wa Lifenya wa Yanonge na wa Kisangani, na kwa zile nyumba sita: poleni sana. Poleni tena. Mungu amlaze mahali pa upole.

Na sisi tuliobaki? Kesho utaenda kumwona mgonjwa fulani. Usiende na shauri, tumeshashiba mashauri. Muuguzi aliyemwona ndiye atasema anapaswa kula nini na namna gani, kwa sababu kila koo lina njia yake. Wewe muulize yule aliyesimama nyuma ya kitanda, yule anayekupikia chai: dada, umelala? Kaka, umekula? Kisha nyoosha mkono upewe kijiko. Utaogopa. Hata Tonton aliogopa.

Tuwaambie moja la mwisho, tulilolipata kwa Tania.

Siku ya maziko, saa sita mchana, watu wa matanga walijaa lopango. Jikoni wanawake wa nyumba sita walikuwa wanagombania kijiko, nani atamlisha Papa Gédéon. Tania hakuachiwa hata kuosha bakuli. Mama Karima akashinda. Alimkalisha mzee wima, kidevu chini. Nusu kijiko. Akasubiri. Nusu kijiko.

Papa Gédéon hakusema neno. Hakusema kuhusu uji, wala mama yake, wala shamba la mahindi. Alimeza, akasubiri, akameza tena. Bakuli likaisha. Hakukohoa hata mara moja. Miaka mitatu Tonton Osée alikuwa anaomba mlo mmoja kama ule.

Mzee akafuta mdomo kwa kitambaa chake cha kitenge. Akatazama kile kiti karibu na mlango.

"Mumuambie Osée," akasema, "nimemeza yote. Sasa nasema."