Bibi Lou Xiangdi, Aliyekataa Kukatwa Mguu (1933–2019)

Ndugu, jamaa na majirani wa Xiawu, tunayemsindikiza leo ni Bibi Lou Xiangdi. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1933 katika kijiji hiki cha mkoa wa Zhejiang, binti pekee wa mfinyanzi Lou Bingfa.

Mwaka 1942 askari wa Japani walipita hapa, na walipoondoka waliacha vijidudu vya maradhi visimani na mashambani. Bibi, akiwa na miaka tisa, alirudi kutoka maficho ya milimani akikanyaga matope pekupeku. Mguu wake wa kushoto ukaota malengelenge, yakapasuka, yakawa kidonda ndugu. Miaka mingi baadaye wataalamu walisema huenda kilikuwa kimeta. Wenzake wa kijijini waliopatwa na kidonda kama hicho wote walitangulia.

Shuleni wenzake waliziba pua, mwalimu akamwekea kiti nje ya dirisha. "Mimi peke yangu nilisoma kwa upepo," alikuwa akisema huku anacheka. Mwandiko wake ulitushinda sote. Alijipatia riziki kwa kusuka vikapu vya mwanzi maisha yake yote, kwa sababu hakuna jirani aliyetaka kula kilichopikwa na mikono yake. Karamuni hakwenda. Hilo lilimuuma, nasi lilituuma.

Mwaka 1954 mshenga alimleta Fang Genshui. Bibi alikunja suruali mwenyewe mbele ya wageni.

"Tazama kabisa, usije ukasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Kwani mimi naoa mguu?" Babu akamjibu.

Walioana, na Babu alimwosha kidonda kwa maji ya chai na chumvi mpaka alipofariki mwaka 1996.

Madaktari walitaka kuukata mguu huo zaidi ya mara moja. Bibi alikataa katakata: "Mwili huu wazazi walinipa mzima. Nikifika kwao nimepungua, nitawaambia mguu nimeuacha wapi?" Tulimwona mkaidi, na tuliogopa kwamba ukaidi huo utamuua.

Mwaka 2003 mjukuu wake Yiming, anayesoma wasifu huu, alikwenda Hangzhou kusomea elimu ya vijidudu. Likizo ya kwanza Bibi akamkalia kooni.

"Kwa hiyo unavifuga?"

"Vya kutengenezea chanjo, Bibi."

"Basi vifungie kama mbwa mkali. Na mkubwa wako akikwambia vifungulie, je?"

"Nitakataa."

"Hata akikufukuza kazi?"

"Hata akinifukuza."

"Haya, kula, wali unapoa."

Alipoambiwa kwamba mataifa yalishatia saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za namna hiyo, aliuliza ni nani anayepita kukagua. Mjukuu akakiri kwamba hakuna.

Oktoba 2015 Daktari Zhan alisafisha kidonda na kukipandikizia ngozi ya paja. Bandeji ilipofunguliwa, Bibi alimwita binti yake Suqin.

"Nusa."

"Hainuki, Mama."

"Nusa tena, wewe una mafua."

Haikunuka. Tulilia wodini bila aibu, mzigo umetutoka mabegani. Alipopona alikwenda harusini kwa jirani, akakaa meza ya katikati, na kumwondoa ikawa kazi.

Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 4 Novemba 2019, akiwa usingizini. Ameacha binti yake Suqin, mjukuu Yiming na kitukuu Leyi.

Jana Suqin alimwosha, akamvisha viatu vipya vya kitambaa, vyote viwili. Apumzike salama bibi yetu. Amefika kwa wazazi wake akiwa mzima.