Damu Niliyomficha Binti Yangu

Ndugu zangu wa jumuiya, niruhusuni niseme nikiwa nimekaa. Miguu bado haijanirudia.

Mwaka jana, wakati wa kupeana amani kanisani, nilikuwa naficha mikono mfukoni. Mkasema mzee ameanza maringo. Hayakuwa maringo. Vipele vya zambarau vilinitoka juu ya vifundo vya vidole, na kope zikavimba na kuiva kama nimepigwa ngumi. Nilipaka kila tyubu ya dawa mliyoniletea. Kazini, pale uwanja wa ndege, nikaanza kushindwa kuinua hata sanduku dogo.

Binti yangu akanipeleka kwa daktari, akanitafsiria, maana lugha ya huku ugenini hainipandi. Daktari akatazama vidole, kisha akauliza jambo. Binti akageuka.

"Baba, anauliza kama ukienda chooni unaona damu."

Ndugu zangu, nawaambia, damu nilikuwa naiona kwa miezi. Lakini mtoto wangu wa kumzaa, nimwambie habari za choo changu?

"Mwambie hakuna."

"Una hakika, Baba?"

"Tafsiri, mama. Tusimcheleweshe mtu."

Tukarudi na dawa ya kupaka. Ikapita miezi minne, hadi Jumapili moja mkono ukagoma kufika kwenye paji la uso. Nilishindwa kufanya ishara ya msalaba.

Hospitalini, daktari mwingine alimwomba binti asubiri nje, akapiga simu kwa mkalimani. Ikaja sauti ya mwanaume, Mkongomani.

"Papa, sema tu. Mi sikujue, na we haunijue."

Nikasema yote. Daktari akaeleza kwamba vipele vya namna ile huweza kuwa dalili ya ugonjwa uliojificha ndani. Wakapima, wakakuta saratani kwenye utumbo mpana. Wamekata. Vipele vimefifia, lakini dawa naendelea nazo, na nimechoka. Mapema ingekuwa kazi ndogo.

Nawashukuru mlionipikia na mlionipeleka hospitali kabla ya zamu zenu. Na yule Mkongomani, Mungu amfikie alipo. Wazee wenzangu, mtoto akikutafsiria na ukaona aibu, omba mkalimani mwingine. Hawakatai.

Limebaki moja. Baada ya upasuaji, binti yangu alilia akiniuliza, "Baba, au mimi nilitafsiri vibaya?" Nikanyamaza, nikamwacha abebe lawama hiyo.

Mama, uko hapo nyuma, nakuona. Ulitafsiri sawasawa. Mimi ndiye niliyedanganya.