Mlango wa Mama Mkwe

Kwenye basi la Ziba magoti yangu yaligusa mlango wa mninga uliolazwa katikati ya viti. Aliyeupakia, mama mmoja Mnyamwezi aitwaye Koleta, alikuwa akimweleza Mzaramo aliyekaa kando yake kwamba wao wa bondeni wanahamishiwa mlimani Ziba, kwa ajili ya mafuriko. “Mimi nimepewa kiwanja. Mama mkwe kanyimwa, eti maji yaliishia kizingitini, kwa hiyo hajafurikiwa.”

“Sasa huu mlango, mtani?”

“Wa kwake. Nimeung'oa, mvua ikija maji yaingie vizuri, naye ahesabiwe.”

“Na yeye?”

“Yupo ndani. Kitanda nimekiinulia matofali.”

Mpango ulikuwepo, ingawa mimi ningeanza kwa kumtoa bibi.

“Si umchukue kwako?”

“Hataki. Anasema anadai kiwanja, haombi pa kulala. Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako mpaka pwani, leo nisaidie kuushusha.”

“Sishushi. Bibi akizama, nitakayeitwa kuchekesha msibani ni mimi mtani. Urudishe.”

Basi likasimama Ziba. Mzaramo alikuwa ameukalia mlango, Koleta ameshika bawaba, na upande wa bondeni radi zilianza kunguruma.