Mzee Hebu Tuone wa Chumba cha Kujalidi Vitabu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi mkwewe ndiye niliyepewa heshima ya kusimulia maisha ya mzee wetu. Mtaniwia radhi nikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa seremala. Alianza shule mwaka 1959. Darasa la tatu alilirudia mara mbili, wala hakuficha. Alisema alilipenda mno. Alimaliza la nane mwaka 1968.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji, akifagia vipande vya karatasi. Mwaka 1984 akawa msimamizi wa chumba cha kujalidi vitabu. Mfanyakazi akizorota, hakumgombeza mbele za watu. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye na kusema, "Hebu tuone." Jina likamganda.

Mwaka 1992, nikiwa mkunja karatasi za vitabu chumbani mwake, meneja alitaka nifukuzwe, maana kila siku nilikuwa wa mwisho. Mzee akaniombea mwezi mmoja. Siku ya tatu kwenye kigoda akaangua kicheko: "Kumbe wewe unavisoma!" Kweli, kila karatasi niliyokunja niliisoma kwanza. Akanihamishia kwenye ukaguzi wa kurasa. Wiki hiyohiyo nikakamata vitabu mia sita vya hesabu visivyo na ukurasa wa 33 hadi 48, kabla havijapakiwa. Meneja mwenyewe akanipa mkono. Jamani, siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kama mwenye kiwanda.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976 na muuguzi, mama yetu huyu, aliyezoea kumtania: "Kazini unaketi na kila mtu, nyumbani hata chai unainywa umesimama!" Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mke wangu. Nilipoleta posa, mzee alisema, "Huyu nimeshamkagua."

Alistaafu mwaka 2011, nami nikaachiwa chumba chake. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Nikiwa kando ya kitanda chake hospitalini, nilimwambia nimeandika barua ya kumwachisha kazi dada mmoja wa gundi, kwa kuwa majalada yake yanabanduka.

"Umeketi naye siku ngapi?"

"Sijaketi, baba."

Niliona haya, na bado naona.

Kesho yake niliketi na yule dada. Kumbe feni ilikuwa ikimkaushia gundi kabla hajaweka jalada, na aliogopa kuniambia. Nikahamisha meza, nikachana barua. Mzee nilimpelekea habari hizo, akafurahi sana.

Alifariki tarehe 3 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na chumba kizima cha watu waliokaribia kufukuzwa. Kijitabu mlichoshika, jalada lake limebandikwa na dada yule. Aliomba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Tunashukuru, baba. Lala salama.